Fula ya Goma inaendaka wapi? Siku tatu za familia kwenye makoro ya Kivu

Sisi watu wa Uvira tukisikia neno volkano, mawazo yanaenda moja kwa moja Goma. Kila mji na shida yake, tunasema: wao wana moto, sisi tuna maji. Leo nataka kuwaeleza, ndugu na dada wa promosheni zote, na nyinyi wadogo ambao mko bado kwenye auditorio, kwamba maji yetu na moto wao ni hadithi moja. Nilikuwa ninaijua kwa vitabu. Nimeiona kwa macho mwezi wa Novemba 2021, tulipofunga vikapu, mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, tukaenda kupumzika siku tatu kwenye ukingo wa ziwa Kivu. Wakati wa mvua, ndiyo. Likizo ya mtu mwenye mshahara wa kwetu haichagui majira.

Kulikuwa pia sababu nyingine ya kuondoka. Munakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa, makumi ya maelfu walibaki bila nyumba. Kwetu ukuta wa upande wa mto ulianguka, tukakaa miezi kwa ndugu kule Kimanga. Tangu usiku ule kijana wetu, aliyekuwa na miaka minne, akisikia mvua juu ya mabati anaamka, anavaa viatu, anakaa karibu na mlango. Halii. Anangoja tu tumwambie tukimbie. Mama mkwe ndiye aliyesema: mtoto huyu apelekwe mahali aone mvua inanyesha na hakuna mtu anayekimbia.

Basi tulipanda gari asubuhi sana. Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi, joto lile lile la bonde, halafu Kamanyola, na hapo barabara inaanza kupanda milima ya Ngomo. Ambaye ameshapita Ngomo wakati wa mvua hahitaji maelezo. Ambaye hajapita, amuulize dereva yeyote pale parkingi. Matope, mabonde ya kutisha upande wa mkono, malori yamesimama kama ng'ombe waliochoka. Lakini Ngomo ni darasa. Angalia chini utaona Ruzizi ikipita katika korongo, nyembamba, nyeupe kwa povu. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika yetu kama mita 775. Kwa hiyo ndani ya mto usiofika kilomita 120 maji yanashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko hapa, kabla ya Kamanyola. Ndiyo sababu mitambo ya umeme iliwekwa huku juu, Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II mwaka wa 1989, siyo kule kwetu ambako mto unatambaa kama mtu aliyeshiba.

Sasa, kwa nini kuna mto hapa? Wataalamu wa miamba wanaeleza hivi. Zamani bonde hili la ufa lilikuwa linamwaga maji yake upande wa kaskazini, kuelekea ziwa Edward, yaani kuelekea Nili na Misri. Halafu volkano za Virunga zikaota katikati ya bonde, lava juu ya lava, mpaka zikawa kama ukuta uliofunga mlango. Maji yakakosa pa kutokea. Yakapanda, yakapanda, yakajaza mabonde yote ya pembeni, na takriban miaka 10,000 iliyopita yakapata mahali pa chini kidogo upande wa kusini, pale ilipo Bukavu leo, yakamwagika kuja kwetu. Tone la mvua lililoanguka juu ya milima ya Kivu, ambalo lingeenda Bahari ya Kati, sasa linapita mbele ya Uvira, linashuka Tanganyika yote, linatoka kwa Lukuga pale Kalemie, linaingia mto Kongo na kuishia Atlantiki. Volkano ndiyo iliyoligeuza njia.

Ukifika Bukavu, uthibitisho uko mbele ya macho. Munajua zile rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono? Zilikuwa milima ya kawaida, na ghuba zilizo kati yake zilikuwa mabonde. Ziwa lilipanda likajaza mabonde, vichwa vya milima vikabaki nje. Idjwi nayo ni hivyo: mgongo wa mlima uliozungukwa na maji, siyo volkano yenyewe. Nasema hivi kwa sababu wengi wanachanganya.

Na kwa historia kidogo: Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nili. Walitumaini Ruzizi inatoka ziwani kwenda kaskazini. Wana wa mtawala wa Uvira wakawaambia wazi kwamba mto unaingia, hautoki. Ilibidi Livingstone na Stanley waje Novemba 1871 kutazama wenyewe, ndipo Ulaya ikakubali jambo ambalo kila mvuvi wa kwetu alikuwa analijua tangu tumboni. Sina la kuongeza.

Kesho yake tulichukua bato ya asubuhi kwenda Goma. Kivu ina sifa moja inayompendeza mama wa Uvira: haina mamba. Kwetu mtoto akienda kuoga ziwani, jicho moja linamwangalia yeye na jicho la pili linatafuta mamba na kiboko. Huku watoto wanaruka majini na wazazi wanapiga soga. Zile maporomoko za Ruzizi ni mlango uliofungwa kwa viumbe vya Tanganyika. Ndiyo maana Tanganyika ina samaki wa aina mamia, na Kivu, ambayo imeunganishwa nayo kwa mto, haifiki aina 30.

Hata sambaza, ambayo watu wa Bukavu na Goma wanajivunia kama mali ya babu zao, ni mtoto wa kwetu! Walitolewa Tanganyika na kuletwa Kivu na watu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ziwa lile halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya katikati. Ni mmoja wa wale wadogo tunaowaita ndagala. Jioni tuliona wavuvi wake wakitoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia, wanaimba kwa kufuata kasia. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na anapenda kuwasahihisha watu, alimweleza mwenye kutuuzia sambaza ya kukaanga kwamba ile ni ndagala ya Uvira. Yule mama alicheka mpaka akamwongezea kipimo.

Upande wa kushoto tulipita milima ya Kalehe. Wakati ule ilikuwa jina tu kwa watoto. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilishusha mito na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Naitaja hapa kwa sababu itatusaidia mbele kidogo.

Goma, basi. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mtoto wa Uvira ni rangi. Ardhi ni nyeusi. Kuta za parsele ni nyeusi, ukingo wa ziwa ni mweusi, na mvua ikinyesha vyote vinang'aa kama sufuria iliyooshwa. Hayo mawe wanayaita makoro. Ni lava iliyopoa. Kuna ya zamani sana na kuna ya juzi: ya tarehe 17 Januari 2002, iliyoshuka kutoka Nyiragongo, ikakata mji katikati, ikapita juu ya kanisa kuu la Katoliki na kuingia ziwani, na ya tarehe 22 Mei 2021, iliyosimama karibu na uwanja wa ndege, miezi sita tu kabla sisi hatujafika. Mama mkwe alikuwa na nyumba katikati ya mji mwaka 2002. Ile ndiyo iliyomleta Uvira kwa mwanawe.

Alitaka kuona mahali. Tulizunguka karibu saa nzima, kwa sababu alama zote zilizikwa: pale makoro yana unene wa mita na zaidi, na watu wamejenga upya juu yake, nyumba juu ya dari la nyumba. Mwishoni alisimama mbele ya duka la kuchaji simu, akapiga chini kwa mguu mara mbili. "Hapa njo palikuwaka mulango," alisema. Mwenye duka, kijana mdogo, alituletea kiti. Alikaa, akamuuliza kijana habari za biashara, akanunua salio la telefone ambalo hakulihitaji, tukaondoka.

Siku hiyo mchana mvua ilipiga. Mvua ya kweli, ile ya kuficha ziwa lote. Tulikuwa kwa mama mdogo wa mume wangu, Himbi, karibu na maji. Kijana alienda kukaa mlangoni na viatu vyake kama kawaida. Robo saa, nusu saa. Hakuna mto uliotokea. Hakuna sauti ya mawe. Mvua ilipokatika alitoka nje, akaangalia ua, akarudi na swali ambalo nimelifanya kichwa cha andiko hili: "Mama, fula ya huku inaendaka wapi?"

Inazama. Makoro yana matundu kama andazi lililoumuka, na chini yake kuna nyufa na mapango. Mvua inaanguka, inapenya, inapotea, na kutokea huko chini inaelekea ziwani polepole. Ndiyo sababu mji wa Goma hauna mto hata mmoja wa maana, na ingawa mvua ni nyingi, asubuhi utaona foleni ya watoto na bidoni za njano wanachota maji ziwani, wanayasukuma kwa chukudu. Mji wenye mvua tele unaotafuta maji! Kwetu ni kinyume. Milima ya Mitumba imesimama wima nyuma ya Uvira, udongo wake na mwamba wake havimezi haraka, na miti iliyokuwa inashika maji tumeikata tukaigeuza makala na mashamba. Mvua ikianguka kule juu, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira zinaipokea yote kwa saa chache na kuileta katikati ya mji, pamoja na mawe. Kalehe iko ukingoni mwa Kivu ile ile, lakini siyo kwenye makoro. Milima yake ni kama yetu, na mnaona kilichowapata.

Nilimweleza kijana kwa kikombe. Nilimimina maji juu ya lundo la makoro, yakapotea. Nikamimina juu ya bati lililolazwa kwa mteremko, yakamrukia miguuni. Alirudia mwenyewe mara nyingi sana, mpaka bidoni ikaisha na mama mdogo akalalamika, kwa haki, kwamba maji yale yalikuwa yamechotwa.

Binti aliuliza swali gumu zaidi: "Sasa ni bora kukaa wapi, huku ama kwetu?" Baba yake alisema kwetu, kwa haraka, kama mtu anayetetea timu. Mimi sikujibu haraka hivyo. Udongo unaomeza mvua ni ule ule uliokuja kama moto na kumeza nyumba ya tate yake.

Tena makoro yana hatari yake ya kimya, na mzazi yeyote anayepeleka watoto ukingo ule lazima aijue: mazuku. Ni neno letu la Kiswahili cha huku, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo. Kutoka chini ya ardhi inapanda gazi ya kaboni, ile tunayotoa tukipumua, ila kwa wingi mkubwa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa katika mashimo na mabonde madogo kama maji yasiyoonekana. Haina rangi, na hutasikia harufu ya kukuonya. Usiku na asubuhi, upepo ukiwa umelala, ndipo inakusanyika. Upepo ukiamka inatawanyika. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyeinama kuokota jiwe anaanguka. Mbuzi na mbwa waliokufa ndani ya shimo bila kidonda ni alama. Watu wa maeneo ya kati ya Goma na Sake wanajua mashimo yao moja moja. Uliza mwenyeji kabla ya kumwacha mtoto acheze.

Ziwa lenyewe limebeba gazi hiyo chini, kilomita za ujazo 300 hivi za gazi ya kaboni na kama 60 za metani, zimebanwa na uzito wa maji. Kule Cameroun, ziwa dogo la Nyos lilitapika gazi yake tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu karibu 1,700. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos na limetulia. Wanaolichunguza wana kazi ya kulichunguza kila siku, na ninawaombea mishahara yao ifike.

Siku ya tatu asubuhi, kabla ya kurudi, tulikodi mtumbwi wa mota kwenda kukitazama Tchegera. Hiki, tofauti na Idjwi, ni kisiwa cha volkano hasa: mdomo wa volkano ndogo ya zamani ambayo imezama, ukabaki ukingo mmoja juu ya maji, umepinda kama mwezi mchanga. Kiko chini ya Mbuga ya Virunga na bei ya kulala pale ilikuwa ya wageni, hivyo sisi tuliona kwa macho tu, manyunyu yanatupiga usoni. Maji ndani ya mpindo yametulia, pwani ni ya changarawe nyeusi, ndege wengi. Kijana alilala njia nzima ya kurudi, mvua inamnyeshea juu ya beshi. Viatu vilikuwa mguuni, lakini alilala.

Tuliporudi Bukavu tulisimama kuangalia Ruzizi inapoanzia. Watoto hawakuamini kwamba ule mfereji wa maji safi ndio Ruzizi yao, kahawia, pana, iliyojaa matope, wanayoiona ikiingia Tanganyika. Matope yote inaokota njiani, kwetu sisi.

Na hapa nataka kugusa maneno tunayoyasikia kila ziwa likipanda: "Banafungula maji ya Ruzizi, njo maana Kavimvira inazama." Nilikuwa na nia ya kulipima, nikalipima kwa hesabu ya darasa la sita. Kivu inatoa kwa Ruzizi takriban kilomita 3 za ujazo za maji kwa mwaka. Tanganyika ina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900. Gawanya: hata kama hakuna tone lingepotea, ni sentimita 9 hivi kwa mwaka mzima. Mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya Tanganyika ni kama mita 1, na jua linanyanyua mita 1 na nusu au zaidi. Hata Kivu yote ikishushwa mita nzima siku moja, Tanganyika ingepanda sentimita 7. Wanaolima kando ya mto kule bondeni, hao ndiyo, mlango ukifunguliwa ghafula wanaumia, na malalamiko yao ni mengine. Lakini ziwa linapoingia nyumba za Kavimvira na Gatumba, linaloliinua ni miaka ya mvua nyingi mfululizo juu ya bonde lote, kutoka Burundi hadi Zambia, na mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, tena mwembamba. Anayetafuta mkosaji Bukavu ataacha kuuliza nani anauza parsele ndani ya maji hapa hapa Uvira.

Sijaandika ili mufunge mizigo kesho. Tangu vita ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, kila mmoja wetu anajua njia ile imekuwa nini. Siku itakapokuwa rahisi tena, chukueni bato ya asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa Kivu unaleta mawimbi. Mtoto avae jile tangu gatini, siyo mawimbi yakishaanza, na bato ikijaa kupita kiasi, iacheni iende. Mulale juu, siyo kwenye shimo. Bebeni trikoo, Bukavu na Goma usiku ni baridi kwa mtu wa Uvira. Na viatu viwe vya kufunga: makoro yanakata ndala siku ya kwanza.